Mtoto ni wa ukoo wa baba, ugonjwa ni wa mama?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 28, naishi Busia, upande wetu huu wa Uganda. Nauza maharage sokoni, mume wangu anaendesha lori kati ya Malaba na Kampala. Nimezaa mara tatu. Wa kwanza alikuwa mvulana, alifariki mwaka 2018 akiwa na miezi kumi na minne. Walituambia malaria imempanda kichwani, tukazika. Wa pili ni msichana, yuko P1, mzima kabisa, anaruka kamba mpaka namkemea. Wa tatu, mvulana tena, ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Huyu alizaliwa vizuri, kilo tatu na nusu. Alikaa kwa wakati wake, akatambaa, na alipofika miezi kumi alijishikilia kwenye gunia la maharage pale kibandani akasimama. Wanawake wa sokoni wakampigia vigelegele. Mwezi uliofuata akashikwa na homa. Kliniki walipima, wakasema si malaria, tukapewa dawa ya kikohozi. Siku nne homa iko pale pale. Mama mkwe akasema hizo ni ebinyo, yale meno ya uongo, na mimi nikiwa sokoni akambeba akampeleka kwa mama mmoja anayeyang'oa. Niliporudi nilikuta fizi zimepasuliwa kwa spoku ya baiskeli. Mtoto ananyonya huku analia, damu inachuruzika kwenye kitenge changu.

Homa iliisha, lakini mtoto hakurudi. Hakusimama tena. Baada ya wiki mbili akashindwa hata kukaa, shingo ikalegea kama ya mtoto wa siku tatu. Macho yanamzunguka yenyewe. Anatapika. Kuna wakati anahema kama mtu aliyetoka mbio, na huku amelala. Kisha degedege zikaanza. Kliniki ya hapa ikatupa dawa ya maji ya kuzituliza, na mpaka leo nampa asubuhi na jioni.

Tulizunguka sana Shangazi. Hospitali ya wilaya, maombi ya kukesha, mitishamba. Jirani akatuambia twende Mbale akatolewe maji kichwani. Mwishowe mume wangu akauza ng'ombe, tukaenda hospitali kubwa Kampala. Wakampiga picha ya kichwa kwa mashine ya MRI, wakachukua damu wakasema asidi ya laktiki imepanda. Sasa ana miezi ishirini. Daktari aliandika neno moja kwenye karatasi: Leigh. Alisema ni ugonjwa wa kurithi, wa mitokondria, kwamba mitokondria ni kama betri za mwili, na betri hizo mtoto huzipata kwa mama. Mlangoni kulikuwa na foleni, nasi tukatoka.

Mume wangu alishika neno moja tu, "kwa mama." Kutoka Kampala mpaka darajani Jinja hakufungua mdomo. Nyumbani wazee wamekaa kikao bila mimi. Baba mdogo wa mume wangu ametamka mbele ya watu kwamba mtoto ni wa ukoo wao lakini ugonjwa ni wa kwetu, na kwamba damu yangu imekwisha kula mmoja na sasa inamla wa pili. Wanataka mume wangu aoe mwingine. Mwenyewe hajasema ndiyo wala hapana.

Nami nina yangu moyoni. Naamini ile spoku ndiyo iliyomharibu mwanangu. Mwezi wa nne huu simsalimu mama mkwe.

Niambie ukweli. Ni mimi? Hata yule wa kwanza nilimuua mimi? Binti yangu je? Niache kuzaa? Kuna mtu anasema India wanautibu, na mume wangu anataka kuuza kiwanja. Tena nilisikia redioni kwamba huko Ulaya wanatengeneza watoto wa wazazi watatu ili wasipate ugonjwa huu. Ni kweli au ni porojo?

Mama wa maharage, Busia

---

Marahaba mwanangu.

Kikao cha wazee kitasubiri. Inuka kwanza ukachukue ile chupa ya dawa ya degedege, usome jina lake, si jina la duka, jina la dawa. Kama imeandikwa sodiamu valproeti, au Epilim ambayo ni dawa hiyo hiyo kwa jina la kibiashara, mrudie daktari wa Kampala wiki hii, au umpigie simu, umuulize kama mtoto anafaa kuendelea nayo. Ni dawa nzuri kwa watoto wengi wenye kifafa, lakini kwa baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa mitokondria inaweza kuharibu ini kiasi cha kuua. Aliyekupa hakujua mtoto ana nini, hata wewe hukujua. Ila usiiache ghafla kwa kunisoma mimi. Dawa ya degedege ikikatwa ghafla, degedege hurudi kwa fujo. Abadilishiwe na daktari. Kama chupa ina jina jingine, liandike kwenye daftari, utalihitaji.

Sasa tuzungumze.

Nimevaa gauni la ukunga miaka mingi, na ugonjwa huu nimeukuta mara chache mno. Neno uliloliona kwenye karatasi linasomwa "Lii." Ni jina la Denis Leigh, daktari wa Uingereza aliyeueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1951. Katika nchi zilizofanya hesabu, humpata mtoto 1 hivi katika kila 40,000. Mara nyingi mtoto huzaliwa mzima, anakua, anacheka, kisha kati ya miezi mitatu na miaka miwili inakuja homa au mafua, na alichokwisha kujifunza kinaanza kumtoka. Umeandika "homa iliisha, lakini mtoto hakurudi." Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu, sijakuta lililonyooka kama hilo.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kila seli ya mwili ina vijiko vidogo vya kupikia, ndiyo mitokondria. Vinachoma chakula kwa hewa tunayovuta ili kutoa nguvu. Jiko likiwa bovu, chakula hakiungui vizuri, kinabaki kama kaa linalofuka moshi, na moshi wenyewe ndio ile asidi ya laktiki waliyoiona kwenye damu. Mtoto anahema haraka kwa sababu mwili unajaribu kuitoa asidi hiyo kwa pumzi. Sehemu za ubongo zinazoendesha macho, kumeza, kupumua na kusimama hula nguvu nyingi, ndizo huzimika mwanzo. Homa ni mgeni anayetaka apikiwe sana siku ambayo moto hakuna.

Na Mbale msiende kwa ajili ya maji. Hospitali ya watoto ya CURE iko pale tangu mwaka 2001, na kwa vichwa vya maji ina sifa mpaka nje ya bara hili. Jirani yako hakukosea kuisifu. Lakini kwa barua yako, waliompiga picha mwanao hawakutaja maji. Hakuna cha kutoboa.

Tuje kwenye neno lililowanyamazisha mpaka Jinja. Daktari hakusema uongo, alisema nusu, na nusu ya pili ilibaki mlangoni na foleni. Ni kweli mitokondria zote tulizo nazo zimetoka kwa mama zetu, kwa kuwa za baba zilizomo kwenye mbegu huangamizwa yai likishatunga. Ndani ya mitokondria kuna DNA yake ndogo, yaani maagizo ya kurithi, jeni 37 tu. Kwa hiyo upo ugonjwa wa Leigh unaopita kwa mama.

Lakini jiko hilo lina vipande zaidi ya 1,000, na maagizo ya kutengeneza vipande vyote hivyo, isipokuwa 13, hayamo ndani ya jiko. Yamo kwenye kiini cha seli, kule tunakorithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Jeni zinazojulikana kuweza kuleta Leigh zimepita 100, na nyingi ni hizo za kiini. Katika watoto wanne wenye ugonjwa huu, kwa kukadiria, mmoja ndiye aliyeupata kwa njia ya DNA ya mama. Waliobaki, wengi wao, wamepokea nakala mbovu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na wazazi wote wawili ni wazima.

Njia hiyo nyinyi mnaijua, ila kwa jina jingine. Ni ya selimundu. Hapa Uganda baadhi ya wachungaji siku hizi hawafungishi ndoa mpaka wachumba wapimwe. AS, yaani aliyebeba nakala moja mbovu bila kuugua, akikutana na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS, mgonjwa. Kila mimba, si kwamba ukishapata mmoja mgonjwa basi watatu wanaofuata wako salama. Na sijasikia kikao cha wazee kikikaa kuuliza AS ya nani ndiyo iliyomuua mtoto. Zilikutana.

Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari, na mume wako awepo alisikie kwa masikio yake, ni moja: jeni imepimwa, na ni ipi? Nijuavyo mimi kwa barua yako, haijapimwa. Mmeonyeshwa picha na asidi, basi. Hizo zinatosha kusema mtoto ana Leigh, hazitoshi kusema ametoka nayo wapi. Baba mdogo amehukumu kesi ambayo ushahidi wake haujaingia mahakamani. Mimi mnaniita Shangazi, wenzetu Waganda wangeniita Ssenga, na kwa desturi shangazi hukaa mkekani upande wa kaka zake. Leo nimehamia mkeka wa pili.

Na hata kipimo kikija kusema ni ile ya mama? Chukua gunia lako la maharage. Tuseme mazuri yamechanganyika na yaliyotobolewa na wadudu. Mnunuzi wa kwanza unamchotea gorogoro, anapata mabovu kumi. Wa pili anapata mabovu nusu nzima. Wa tatu, kwa bahati yake mbaya, mkono umeingia kwenye kona yenye wadudu, karibu yote ni mabovu. Gunia ni moja, muuzaji ni mmoja, hukumchagulia mtu. Mayai ya mama yanajazwa mitokondria namna hiyo hiyo. Mabovu yakiwa machache jiko linawaka, ndiyo maana mama anaweza kuwa mzima na binti yake akaruka kamba. Yakizidi kiasi fulani ndipo mtoto anaugua. Wewe mwenyewe gunia hilo ulipewa na mama yako, naye na bibi yako, na hakuna kati yenu aliyeweza kuchungulia ndani. Iko na njia ya tatu, jeni inayokaa kwenye kromosomu ya X, mojawapo ya zile zinazopanga jinsia, na njia hiyo huwatesa zaidi wavulana. Nawe umeuguliwa na wavulana wawili, basi daktari hataiacha bila kuitazama. Tena mara nyingine kasoro huanza kwa mtoto mwenyewe, haikutoka kwa yeyote.

Yule wa kwanza, siwezi kukuambia ni nini kilimchukua. Malaria ya kichwani inaua watoto wetu, hilo halihitaji ugonjwa wa ajabu. Inawezekana pia ilikuwa Leigh, kwani umri unafanana. Mweleze daktari habari zake zote: alianza kukaa lini, aliacha lini, alihema vipi. Itamsaidia kuchagua cha kupima. Lakini kumuua hukumuua.

Nina neno moja gumu kwako. Wewe unataka uondolewe lawama ya damu, na huku umemtwika mama mkwe lawama ya spoku. Nimewaona watoto wa ebinyo wodini. Yale si meno ya uongo wala minyoo, ni vichipukizi vya chonge za maziwa, kila mtoto anavyo. Kuvichokonoa kunaleta vidonda, tetenasi, sumu kwenye damu, na meno ya ukubwani yanaota kombo. Ni ukatili unaofanywa kwa huruma. Usikubali tena, wala kwa mtoto huyu wala kwa mwingine, na mama mkwe aambiwe hivyo waziwazi na mwanawe, si na wewe. Pamoja na hayo, spoku haikuleta Leigh. Homa ilikuwapo siku nne kabla yake, na kasoro ilikuwapo tangu tumboni. Kama si homa ile, ingekuwa surua, au kuhara, au mafua ya msimu. Bibi alimbeba mjukuu kwa hofu ile ile iliyokupeleka wewe kwenye maombi ya kukesha. Msalimie. Miezi minne ni mingi, na utamhitaji, maana mtoto huyu hawezi kulelewa na mikono miwili.

Kuhusu India. Hakuna hospitali duniani inayouponya ugonjwa huu, si India, si London, si Marekani. Atakayekuambia anao uponyaji anakitaka kiwanja. Mwambie mume wako asiuze. Fedha mlizo nazo ziende kwenye mambo mawili.

La kwanza ni vitamini. Kuna ugonjwa mmoja wa kurithi unaofanana na Leigh hata kwenye picha ya kichwa, nao hutulia mtoto akipewa thiamini, yaani vitamini B1, pamoja na biotini, kwa kiasi kikubwa na mapema. Hata upungufu wa kawaida wa thiamini kwa mtoto mchanga unaweza kufanana nao. Kwa hiyo madaktari wengi huanza kuzitoa wakati wanatafuta jibu, kwa kuwa bei yake si kitu ukilinganisha na kuikosa nafasi hiyo. Muulize daktari kama mwanao amekwisha kuanzishiwa, na kama bado, kwa nini. Ukiulizia hilo hutamkosea adabu. Kipimo cha dawa atakipanga yeye. Zile za kukisia kaunta ya duka la dawa ziache.

La pili ni kipimo cha jeni. Mara nyingi sampuli hutumwa nje ya nchi na bei si ndogo. Kabla ya kulipa mwambie daktari akueleze jibu litabadilisha nini. Mimi naona litabadilisha mawili: kuna aina chache zenye lishe au dawa yake maalumu, na kuna suala la mimba ijayo. Kama hamna mpango wa kuzaa tena na vitamini ameshaanza, kisubiri. Kama mnataka mtoto mwingine, kinastahili hata ng'ombe wa pili.

Mpaka jibu lije, nenda kituo cha afya upate njia ya uzazi wa mpango. Sijasema uache kuzaa. Nasema usizae gizani, wala kwa kuwaonyesha wazee kwamba unaweza. Binti yako mwache aruke kamba. Kufikia umri huo akiwa mzima ni dalili njema, na siku akikua mtamweleza yaliyo kwenye damu ya familia ili naye aulize kabla ya kuolewa.

Redio haikudanganya, ingawa jina la "wazazi watatu" ni la kuuzia magazeti. Kiini cha yai la mama hutolewa na kuwekwa kwenye yai la mwanamke mwingine lenye mitokondria nzima. Sura, kimo, rangi, vyote ni vya mama na baba, yule wa tatu ametoa majiko tu. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya mtoto aliyezaliwa kwa njia ya namna hiyo, wa mama kutoka Jordan aliyekwisha kuzika watoto wawili kwa Leigh hii hii. Uingereza iliiruhusu kisheria mwaka 2015, na Julai 2025 madaktari wa Newcastle wakatangaza watoto wanane. Lakini inawafaa wale tu ambao kasoro yao iko kwenye DNA ya mitokondria, na leo hii haiko karibu na mfuko wa mtu wa Busia. Nimekueleza kwa sababu umeuliza, na kwa sababu mama yule wa Jordan naye nadhani kuna mtu alimwambia habari za damu yake.

Hilo la kuoa mwingine, sitakuficha. Mume wako akizaa na mwanamke mwingine, yamkini watoto watakuwa wazima. Ikiwa ni ile ya kukutana, hata wewe ukizaa na mwanaume mwingine yamkini watakuwa wazima. Wazee wamelishika la kwanza, la pili hawajalitamka. Mnabaki au mnaachana, hilo ni lenu wawili, ila lisiamuliwe kwa neno moja lililosikiwa mlangoni.

Nimeliacha la mwisho lililo karibu nawe kuliko yote, mtoto mwenyewe. Asikae na njaa. Mlishe kidogo kidogo mara nyingi, na usiku usipite mrefu bila kitu tumboni. Kabla ya kutoka sokoni alfajiri awe amekula. Uji uwe mzito kidogo, wa kusimama kwenye kijiko, maana uji mwepesi unakimbilia mapafuni kwa mtoto asiyemeza vizuri. Weka unga wa karanga au mukene, wale dagaa wetu, iliyosagwa. Mkalishe wima mapajani, kiganja chako kishike kisogo, kidevu kiiname kidogo, umguse mdomo wa chini kwa kijiko, usubiri ameze, uone koo limepanda na kushuka, ndipo ulete kingine. Itachukua nusu saa. Akikohoa kila mlo au uzito ukishuka, omba apewe mpira wa kulishia. Si dalili kwamba mmekata tamaa.

Homa ikigusa tu, siku hiyo hiyo apimwe malaria, apewe parasetamoli kwa uzito wake, na akishindwa kula mkimbize hospitali usisubiri kuche. Alale ndani ya neti. Chanjo zisikatike bila kuzungumza na daktari. Na umwombe yule daktari akuandikie barua ya ukurasa mmoja: mtoto ana nini, asikae njaa muda mrefu hata kwa ajili ya vipimo, dawa gani asipewe, damu yake ichunguzwe sukari na asidi. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, ikae ndani ya kadi yake ya kliniki. Saa nane za usiku nesi wa zamu hajawahi kusikia neno Leigh, na wewe utakuwa umetetemeka huwezi kueleza.

Kuhusu viungo, mazoezi ya kumnyoosha yanazuia misuli isikakamae. Katalemwa Cheshire Home iliyoko Kampala imezoea watoto wenye ulemavu na hutengeneza viti vya kumshikilia asiyeweza kukaa.

Watoto wengi wenye Leigh iliyoanza mapema hivi hawaishi miaka mingi. Kuna wanaofika utineja, na kuna wanaotulia kwa muda mrefu mahali pamoja. Wa kwako hakuna anayeweza kukupimia. Naandika hili kwa sababu bora ulisikie kwangu ukiwa umekaa kuliko ulisikie wodini umesimama. Uganda tuna hospisi tangu mwaka 1993, ilipoanza Hospice Africa Uganda, ambayo makao yake yako Makindye, Kampala, na Jinja njiani kwenu nako kuna hospisi. Watu wanadhani ni nyumba ya kufia. Wauguzi wake huja nyumbani, wanatuliza maumivu, pumzi na degedege, wanamfundisha mama, na wanakaa na baba pia. Watafute sasa, mapema, wakati bado anakutambua kwa sauti na kutabasamu.

Siku ya kurudi kliniki, mlipopigwa ile picha mlipewa sidii. Itoe kabatini uende nayo, na daftari lenye jina la dawa. Mtoto abebwe na baba yake, tangu nyumbani mpaka ndani kwa daktari. Kama baba mdogo anataka kuja, nauli yake ajilipie.

Niandikie ukishasoma ile chupa.

Shangazi